UZI: Supakaa na gari la spoti vinatenganishwa na nini hasa? Majibu kutoka chini ya lifti

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi mmoja humu watu walishikana mashati kuhusu Nissan GT-R. Upande mmoja unasema ni supakaa kwa sababu inaziacha Lamborghini kwenye taa. Upande wa pili unasema haiwezi kuwa supakaa kwa sababu ni Nissan. Nimesoma kurasa zote, na naona mmoja anapima kwa saa na mwingine anapima kwa nembo. Mimi ni fundi. Nimekulia kwenye gereji ya mjomba wangu Tanga, kwenye Corolla na Mark II, na huu ni mwaka wa saba niko Al Quoz, Dubai, kwenye gereji inayopokea magari ya Ulaya. Nitaeleza nilichokishika kwa mikono. Uzi ni mrefu, mwenye chai aisogeze karibu.

Nianze na kazi moja.

Mwaka wangu wa pili huku ililetwa Ferrari F355 nyekundu. Haikuwa na ubovu wowote. Muda wa kubadilisha taimingi belti, yaani mkanda wa mpira unaofanya valvu za injini zifunguke na kufunga kwa wakati wake, ulikuwa umefika, basi. Kwa sisi tuliozoea Toyota hiyo ni kazi ya asubuhi. Chukua Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE: imekaa kwa urefu, upande wa mkanda unatazama rejeta. Unatoa fani belti, unatoa puli, unafungua kava, unapatanisha alama, unabadilisha, unafunga. Saa nane mchana mteja anaondoka.

Kwenye F355 injini iko nyuma ya viti, na upande wenye mikanda umeelekea ule ukuta unaotenganisha injini na watu waliokaa. Pale katikati kiganja changu hakikupita. Kwa hiyo injini inatoka, na inatokea chini. Tulifungua mabomba ya maji na ya mafuta, nyaya, ekzosi, tukaingiza meza ya chuma yenye magurudumu chini ya gari, tukaachia bolti za mwisho, kisha lifti ikapandisha bodi taratibu. Injini, giaboksi na saspensheni yote ya nyuma vikabaki mezani kama kitu kimoja, na juu yetu bodi ikaning'inia haina nyuma. Yote hayo kwa ajili ya mikanda ya mpira.

Nilimuuliza msimamizi wangu, mzee aliyefanya kazi hizi tangu ujana wake, kwa nini walioliunda hawakuacha nafasi ya sentimita chache tu ili mkono upite. Akanijibu kwamba wangeiacha nafasi hiyo, injini ingesogea nyuma, uzito ungehama, na gari lisingekuwa hili. Jibu hilo limekaa kichwani mwangu mpaka leo, na uzi wote huu umetoka hapo.

Maoni yangu ni haya. Gari la spoti huanza na bei. Watu wa mahesabu wanasema litauzwa kiasi hiki, tutalitoa kwa wingi huu, tutumie vipuri tulivyonavyo ghalani. Mhandisi anapewa mipaka hiyo, na ndani yake anatafuta raha ya kuendesha. Supakaa huanza na injini na umbo. Bei, starehe, nafasi ya begi na mkono wa fundi vinakuja baadaye, vikipata pa kukaa.

Mfano safi wa gari la spoti ni Mazda MX-5. Ilionyeshwa Chicago mwaka 1989 ikiwa na injini ya lita 1.6 ya ukoo uleule uliokuwa kwenye Mazda 323, gari la kawaida kabisa la familia. Nguvu za farasi 116, uzito chini ya tani moja, injini mbele, matairi ya nyuma ndiyo yanasukuma, viti viwili, paa la turubai unalikunja kwa mkono mmoja ukiwa umekaa. Wajapani wana neno lao, jinba ittai, farasi na mpandaji kuwa mwili mmoja, na Mazda waliliunda gari hilo kwa kulifuata neno hilo. Kufikia 2016 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni moja. Nimeliendesha la mteja mara moja, kona tatu tu kurudi gereji, na nilielewa. Usukani unakuambia tairi linakanyaga nini.

Mfano safi wa supakaa ni Lamborghini Miura. Ferruccio Lamborghini alikuwa tajiri wa matrekta, kampuni yake ya magari ilianza 1963, na alichotaka yeye ni magari ya kifahari ya safari ndefu. Vijana wake wahandisi, Dallara na Stanzani, walitaka kitu kingine. Mwishoni mwa 1965 walipeleka Turin chasisi tupu, haina bodi: V12 (injini ya silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 3.9 ikiwa imelala ubavu nyuma ya viti. Kwa nini ubavu? Kwa sababu V12 ni ndefu, na kuiweka kwa urefu kungelirefusha gari. Ikalala. Giaboksi sasa ikakosa pa kukaa, wakaimimina kwenye kalibu moja na injini, vikatumia oili moja. Fundi yeyote hapa anajua maana yake: chembe za chuma kutoka kwenye gia zinazunguka na oili mpaka kwenye beringi za krankshafti, ule mhimili mkuu wa injini. Walilijua hilo na bado walitengeneza, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ya kulipata gari walilolitaka. Matoleo ya mwisho ndiyo yalitenganishwa oili. Bodi akachora Marcello Gandini wa Bertone, kampuni ya kuchora magari, kijana wa miaka 27, na Machi 1966 likaonyeshwa Geneva likiwa na kimo cha mita moja na sentimita tano hivi. Yalitengenezwa karibu 760 tu.

Tazama mpangilio wa maamuzi pale. Injini, kisha umbo, kisha ndipo mtu akauliza dereva atakaaje na joto la V12 nyuma ya kisogo chake atalifanyaje.

Karibuni kwa maswali, nitarudi baada ya kazi.

BANDIKO LA PILI

Nimerudi, nimekuta maswali mengi. Nianze na yale yanayojirudia.

*"Mkuu umekwepa spidi. Supakaa si ni spidi?"*

Sijakwepa. Spidi ilikuwa kipimo kizuri zamani, wakati njia pekee ya kuipata ilikuwa silinda nyingi na bodi iliyolala chini. Mwaka 2021 Tesla walitoa Model S Plaid: milango minne, nguvu za farasi 1,020, inafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde mbili na kidogo, na watoto wamekaa nyuma. Miura ilikuwa na farasi 350, na leo sedani nyingi za Kijerumani zinaipita bila dereva kukaza mikono. Je, Miura imeacha kuwa supakaa? Kama jibu ni hapana, basi spidi haikuwa msingi.

*"Na GT-R?"*

GT-R R35 ilitoka 2007. V6 ya lita 3.8 yenye turbo mbili, farasi 480, kilo 1,740, viti vinne, buti la kuingiza masanduku ya safari. Bei yake ya kuanzia Japani ilikuwa yeni milioni 7.77, wakati magari iliyokuwa ikiyafukuza yalikuwa ghali mara mbili na zaidi. Kila injini iliunganishwa na fundi mmoja kwa mkono mwanzo hadi mwisho, na jina lake liliwekwa juu ya injini. Mimi kama fundi hilo linanigusa kuliko sekunde zake. Lakini gari lenyewe liliwekewa bei na wingi kwanza, kisha Nissan wakajaza akili ndani ya mipaka hiyo mpaka ikafurika. Kwangu ni gari la spoti lililowashinda supakaa, na sioni kwa nini mwenye nalo aone amepunguziwa heshima. Kumshinda mkubwa ukiwa na mfuko mdogo ni kazi ngumu zaidi.

*"Supakaa ni injini kuwa katikati. Basi."*

Hapa wengi tunateleza. Injini kukaa kati ya dereva na ekseli ya nyuma kunaleta uzito katikati, gari linageuka upesi, ni kama kuzungusha rungu ukiwa umelishika katikati badala ya mwishoni. Ni jambo jema, ila halitoshi. Chevrolet Corvette ya kizazi cha nane, ya mwaka 2020, injini iko katikati, na bei ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 59,995. Injini yake ya lita 6.2 ni ya ukoo wa V8 zilezile zinazosukuma pikapu zao. Ni gari la spoti zuri mno.

Sasa tazama walichofanya baadaye na bodi ileile. Z06 ya mwaka 2023 wameiwekea V8 nyingine kabisa, lita 5.5, krankshafti bapa kama ya Ferrari, haina turbo, inazunguka mpaka raundi 8,600 na kutoa farasi 670, na kila injini inaunganishwa kwa mkono na mtu mmoja pale Bowling Green. Krankshafti bapa inatetemesha zaidi, inachosha vilivyofungwa juu yake, na mhandisi anayetafuta utulivu haigusi. Wameitaka kwa sababu ni nyepesi na inapanda raundi haraka. Kwa maoni yangu mstari unapita katikati ya Corvette mbili zinazotoka kiwanda kimoja. Atakayebisha, abishe kwa hoja.

*"Porsche 911 je?"*

Gari la spoti, na pengine mfalme wao. Porsche mwaka 2023 walikabidhi magari zaidi ya 320,000 duniani, 911 pekee zaidi ya 50,000. Ferrari nzima mwaka huohuo ilikabidhi 13,663. Lakini Porsche hiyohiyo ilitoa Carrera GT, V10 ya lita 5.7, magari 1,270 tu, na hiyo ni supakaa bila mjadala. Kampuni haina tabaka. Gari ndilo lenye tabaka.

BANDIKO LA TATU: nimesahihishwa

Kuna mdau ameandika jambo ambalo lazima nilijibu kwa heshima yake. Nanukuu:

*"Mleta uzi, umejenga hoja yako juu ya mateso ya fundi. Honda NSX ya 1990 inaivunja. Unaona pande zote, kiyoyozi kinafanya kazi, haichemshi foleni, na taimingi belti inabadilishwa injini ikiwa ndani. Utaitoa kwenye supakaa kwa sababu haimtesi mtu?"*

Ndugu yangu, hapo umenikamata. Mateso ya fundi ni matokeo. Nilivyoandika mwanzoni ni kama nimeyafanya kuwa kipimo, na si sahihi. NSX tunayo moja inayokuja sevisi, na ukiiinua unaona ilivyo. Mwili wote ni alumini, wakati ambapo hakuna gari lingine la kuuzwa kwa wingi lililokuwa na mwili wa namna hiyo. Rodi za pistoni ni za titani, na V6 ya lita 3.0 inazunguka hadi raundi 8,000. Honda waliijengea kiwanda chake huko Tochigi. Mwaka 1989 ikiwa bado kwenye majaribio, Ayrton Senna, dereva wa mbio za Formula 1, aliiendesha kwenye uwanja wa Suzuka, akatoa maoni, na bodi ikaongezwa ukakamavu. Maamuzi yale yote ni ya supakaa: kitu kilichotakiwa kilikuja kwanza, gharama ikafuata. Tofauti ni kwamba katika orodha ya vilivyotakiwa, Honda waliandika pia mtu atakayekaa ndani.

Na aliyeielewa zaidi alikuwa mshindani. Gordon Murray alipokuwa akiunda McLaren F1 aliitumia NSX kama kipimo chake cha jinsi gari linavyopaswa kutembea barabarani. Halafu akatoa gari lenye kiti cha dereva katikati na abiria wawili pembeni nyuma kidogo, V12 ya BMW ya lita 6.1, na chumba cha injini kilichofunikwa kwa karatasi ya dhahabu, kwa kuwa dhahabu inarudisha joto. Yalitengenezwa 106. Mwaka 1998 moja lilifika kilomita 386 kwa saa bila turbo. Dhahabu ile haikuwekwa kwa ajili ya kuringa. Kulikuwa na joto, na yeye akachukua kilichofaa kulizuia.

Kwa hiyo narekebisha: usitazame fundi anateseka kiasi gani. Tazama, pale raha na gharama zilipogongana, nani alipisha njia.

BANDIKO LA NNE: Toyota

Wengi mmeuliza kwa utani kama Toyota wanaweza kutengeneza supakaa. Walitengeneza, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Lexus LFA.

Kazi ilianza mwaka 2000 chini ya Haruhiko Tanahashi. Mwanzoni mwili ulikuwa wa alumini. Miaka kadhaa ndani ya kazi wakaona uzito hauridhishi, wakatupa walichofanya na kuanza upya kwa nyuzi za kaboni. Fikiria wewe ndiye unayelipa mishahara na unaambiwa hivyo. Hawakwenda kununua mwili wa kaboni nje, walitengeneza wenyewe. Na hapa kuna jambo zuri: Toyota kabla ya magari ilikuwa familia ya mashine za kufuma nguo, Sakichi Toyoda alikuwa mvumbuzi wa vitanda vya kufumia. Kwa ajili ya LFA walirudi kwenye ufumaji, wakaunda mashine ya mviringo inayofuma nyuzi za kaboni kuwa bomba, ili kupata nguzo zinazoshika paa pembeni mwa kioo cha mbele.

Injini ni V10 ya lita 4.8, ya kwao na Yamaha, ndogo kwa umbo kuliko V8 nyingi. Sampu yake ni kavu, yaani oili inakaa kwenye tangi la pembeni na kusukumwa kwa pampu badala ya kulala chini ya krankshafti. Hiyo inaruhusu injini kushushwa chini zaidi, na kwenye kona kali oili haikimbilii upande mmoja ikaziacha beringi kavu. Raundi 9,000. Kutoka sailensa (injini ikinguruma tu bila kukanyagwa mafuta) mpaka huko juu ni sekunde 0.6, na mshale wa kawaida wa geji haukuweza kuikimbiza, ndiyo maana wakaweka geji ya skrini. Injini iko mbele, giaboksi iko nyuma, na rejeta nazo ziko nyuma. Ndiyo, rejeta nyuma, kwenye Toyota, ili uzito ukae walivyotaka: asilimia 48 mbele na 52 nyuma.

Mjaribuji wao mkuu, Hiromu Naruse, alifariki Juni 2010 akiwa ndani ya LFA ya majaribio karibu na Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani. Alikuwa ndiye aliyemfundisha Akio Toyoda, rais wa Toyota wakati huo, kuendesha. Miezi michache baadaye uzalishaji ulianza kwenye kiwanda cha Motomachi, gari moja kwa siku, mpaka yakatimia 500 Desemba 2012. Bei Marekani ilikuwa dola 375,000. Watu walicheka wakati ule, Lexus kwa bei ya kukaribia nusu milioni? Leo wanazitafuta kwa bei kubwa zaidi.

Moja iliingia gerejini kwetu mwaka jana kubadilishiwa matairi. Dereva alipoiwasha ili kuipandisha kwenye lifti, kila mtu aliacha spana. Muungurumo wake hauna uzito wa V8; ni mwembamba, unapanda kama mluzi, na unaingia ndani ya gari kupitia njia ambazo Yamaha walizichora makusudi, Yamaha haohao wa piano. Nilipopita chini yake nilitafuta sehemu ambayo mtu alisema "hapa panatosha". Nilizunguka na taa yangu dakika kumi. Hata mabano ya kushikilia mabomba yamenyooka kama vipande vya saa.

MAJIBU YA HARAKA

*Haipakaa (Bugatti Veyron na wenzake) ni nini?* Ni supakaa iliyopewa ruhusa ya kuzidisha. Veyron ya 2005: lita 8, silinda 16, turbo nne, farasi 1,001, rejeta kumi, zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Msingi ni uleule.

*Milango ya kupanda juu?* Lamborghini Countach iliihitaji kwa sababu ni pana mno na huoni nyuma. Dereva anainua mlango, anakaa kwenye kizingiti na kurudi nyuma huku akichungulia. Gari lililofungwa bawaba hizo dukani limebadilishiwa mlango tu.

*Unaweza kuitumia Dar au Mombasa?* Tatizo la kwanza ni matuta. Zenye haidroliki ya kunyanyua pua zinapita kwa taabu, zisizo nayo zitabaki barabara kuu.

*Ferrari zote lazima injini itoke?* Hapana. 360 walitengeneza mlango mdogo nyuma ya viti, mikanda unaifikia ukiwa ndani ya gari. 458 inatumia cheni, hadithi hiyo imeisha.

*Mkuu wa Altezza uliyesema gari lina kilomita 110,000 na mkanda hujawahi kuugusa:* usisubiri mwisho wa mwezi, kilomita 100,000 ndio mwisho wake. Ukibadilisha, badilisha na tenshona zake pamoja na pampu ya maji, kwa sababu pampu inazungushwa na mkanda huohuo na kava litakuwa tayari liko wazi. Nitumie picha ya mkanda wa zamani ukishatolewa, nikuangalizie meno yake.